Ukurasa wa Santing

Ukuta wa duka la Santing ndio ukuta wa jiko langu, tena wa mbao nyembamba, kwa hiyo asije mtu akaniita mmbea. Mimi nilikuwa nakaanga samaki wangu. Masikio hayana kifuniko.

Santing ana miaka arobaini na saba. Hapa Liliw, mji wetu mdogo mbali na Manila, sote tunanunua kwake kupitia nondo za dirisha: siki kikombe kimoja, shampuu ya pakiti, sigara mojamoja. Mkono wake tunauona kuliko uso. Nyuma ya nondo hizo huegemeza simu kwenye kopo la biskuti, na ndani ya simu, siku nzima, wavulana wawili wanapendana. Ni zile tamthilia zetu zilizotapakaa tangu mwaka ule tuliofungiwa majumbani: mmoja tajiri, mwingine fukara, mvua inanyesha na mwavuli ni mmoja. Santing amezimaliza zote.

Nilijua anachotazama kwa matusi yake. "Mshike mkono, bwege wewe! Anaondoka, huoni?"

Mtoto aliyekuja kununua barafu akamuuliza, "Kaka Santing, unamtukana nani?"

"Mtu asiyesikia. Weka pesa hapo, barafu inayeyuka."

Wapenzi wakitengana, halii. Huguna tu, kama aliyepata habari za nyumbani. Kinachomliza ni mama. Maana kwenye tamthilia hizi mama hakosekani, na sehemu ya mwisho anapakua wali, anamtazama mwanawe na kusema, "Nilijua tangu zamani, mwanangu," kisha wanakumbatiana. Hapo Santing huvuta kamasi mpaka mbao zinatetemeka.

"Mama gani huyu?" aliniuliza siku moja kupitia ufa wa ukuta. "Wanamnunua soko gani, Dada Loleng?"

Mama yake mwenyewe ni Bibi Pacing, miaka themanini na mmoja, miguu imekufa miaka sita sasa. Alizaa watatu. Marivic yuko Jeddah, Rommel yuko Kanada, na Santing hana mke, kwa hiyo hana udhuru. Ndivyo tunavyofanya kwetu: asiyeoa ndiye anayebaki na mzazi, na hakuna anayemuuliza kama anataka. Santing humpikia, humgeuza kitandani, na kila siku saa kumi jioni humbeba mgongoni hadi bafuni. Saa tisa alasiri humwekea sala kutoka kwenye simu, na simu hiyo huitupa sauti kwenye spika kubwa iliyoko barazani. Kumbukeni hiyo spika.

Bibi Pacing ana nadhiri. Kila mwaka, Wiki Takatifu, kitabu cha Mateso ya Bwana huimbwa uani kwake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, usiku na mchana, bila kukatika. Wasomaji huketi mabenchi mawili na kupokezana kipaza sauti, jirani wote hula, na mpishi ni Santing. Tuliambiwa nadhiri ilianza Santing alipokuwa na miaka ishirini: alishikwa na homa kali, akapona, na huku ndiko kushukuru. Miaka ishirini na saba amekoroga wali wa sukari na nazi kwa ajili ya kupona kwake.

Mwaka huu mama alitaka zaidi. Ijumaa Kuu, kitabu kikifungwa, Santing aipokee nadhiri mbele yetu iwe yake. Na nadhiri hii haihami nyumba. Ukiipokea, umepokea nyumba, ua, nondo na kaburi. Likikatika somo katikati, nadhiri imekufa na hakuna cha kurithi. Santing alikuwa akimjibu, "Nitafikiri, Mama." Mimi aliniambia ukweli: "Akipumzika huyu mzee, Dada, nafunga duka na kupanda basi. Hata kama nina miaka sitini."

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, sehemu ya mwisho ya tamthilia moja ilikuwa imetoka. Santing alikuwa hajalala siku mbili kwa kupika. Akajifungia dukani, akaziba masikio kwa vile vidude visivyo na waya, akabonyeza. Hakusikia kitu. Akaongeza sauti. Bado kimya. Akaongeza mpaka mwisho.

Uani, Bibi Sepa, kiongozi wa wasomaji, alikuwa kwenye ukurasa wa Yuda. Ghafla spika ikanguruma kwa sauti ya kijana: "Usiniache hapa! Ukiondoka, nitaishi na watu wanaojua jina langu tu!" Kisha muziki, kisha busu, na busu kwenye spika ya kiasi kile, ndugu zangu, ni kama mtu anachomoa buti kwenye matope.

Bibi Sepa hakunyamaza, maana somo halikatiki. Aliimba kwa sauti ya kupigana, mishipa imemtoka, Yuda huku na wapenzi kule. Benchi letu lilikuwa linatetemeka kwa kicheko, nami nikiwa wa kwanza, Mungu anisamehe. Mmoja wetu akapiga kelele, "Santing! Simu yako iko huku!" Sauti ikakatwa.

Akatoka na sinia la wali mkononi, kana kwamba alikuwa anakuja hata hivyo. Uso ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Benchi la pili likapokea somo kwa sauti ya chini, na Bibi Sepa akapata nafasi ya kusema lake.

"Pacing, nisamehe, lakini nadhiri takatifu haiwekwi mikono ya mtu wa namna hii. Mpe Marivic."

Sote tulitazama chini. Sisi sote tulimjua Santing ni wa namna gani, na miaka yote hiyo hakuna aliyetamka. Tuliita adabu.

Bibi Pacing akajiinua kwenye kiti chake cha magurudumu. "Mtu wa namna gani, Sepa? Nilijua tangu zamani."

Nilimwona Santing akinyanyua kichwa. Mara moja tu, uso wake ulikuwa ule anaokuwa nao sehemu ya mwisho.

"Nilijua tangu yule fundi viatu, Fredo," mama akaendelea. "Walikata tiketi mbili za basi la alfajiri kwenda Manila. Nilizikuta chini ya godoro. Nikapiga magoti usiku ule, nikasema, Bwana, asiondoke huyu, nami nitakusomea Mateso yako maisha yangu yote. Alfajiri kijana anaamka, mwili unawaka moto, hawezi kusimama. Basi likaondoka na Fredo peke yake. Kwa hiyo usinifundishe, Sepa. Nadhiri hii ni yake kuliko mtu yeyote."

"Mama," Santing akasema polepole, "mimi nilidhani tunashukuru kupona."

"Kupona ungepona tu. Homa ilikuwa homa."

Kumbe miaka ishirini na saba tulikuwa tunashukuru homa! Naye akitupakulia.

Wakati huohuo benchi la pili lilifika mwisho wa ukurasa wao. Unaofuata ni ule wa Bwana akimuaga mama yake, akiomba ruhusa ya kuondoka, na ukurasa huo, kwa amri ya Bibi Pacing, ni wa Santing kila mwaka. Hakuna mwingine aliyewahi kuuimba. Kipaza sauti kikaletwa mbele yake.

Santing hakukipokea. Aliweka sinia mezani, akakaa kwenye kigoda, akalaza mikono magotini. Kuvuta pumzi kunaruhusiwa katika somo. Kunyamaza hakuruhusiwi. Tukamsikia jogoo wa nyumba ya tatu.

"Santing," mama akasema. "Ukurasa wako."

Mikono ikabaki magotini.

"Mwanangu, inakatika!"

"Naona, Mama."

Bibi Sepa alifanya ishara ya msalaba. Mikono ya Bibi Pacing ilikuwa inapapasa hewa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kitabu, na niliogopa. Nilimwogopa Mungu, nilimwogopa Sepa, nilimwonea huruma yule mzee. Mdomo wangu ukafunguka, nikaimba. Niliuimba ukurasa wote wa Santing, tena vizuri, na nilipoinua macho kigoda kilikuwa kitupu na saa kumi ilikuwa inakaribia. Alikuwa anachota maji ya kumwogesha mama.

Ijumaa kitabu kilifungwa bila kukatika. Santing alipiga magoti, akachukua mkono wa mama yake, akauweka kwenye paji la uso wake, akaipokea nadhiri. Watu wakapiga makofi.

Jumatatu nilikwenda kununua siki. Simu ilikuwa imelala kifudifudi kando ya kopo. Kwa kutafuta la kusema, nikamuuliza ile tamthilia iliishaje.

Akanipa kikombe kupitia nondo. "Si ulikuwepo, Dada Loleng? Wewe ndiye uliyesoma ukurasa wangu."