Matanga ya Zamalek Mtaani Bakos

Labib Abu Shanab alikuwa akilianza gazeti kwa ukurasa wa vifo. Kwetu Iskandaria wazee wengi hufanya hivyo, kwa sababu tangazo la kifo halimtaji marehemu peke yake. Linataja watoto wake na vyeo vyao, ndugu zake, wakwe zake, na mji ambako koo zao zilitokea. Labib alilisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, kisha akahamia kwenye mpira, kutoka mpira kwenye siasa, na akamalizia na waimbaji na tamthilia. Kila ukurasa ulipata hukumu yake, na hakuna hukumu iliyokuwa fupi.

Mazungumzo hayo alijifunza kwenye tramu, alikokata tiketi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alizoea kusoma magazeti ya abiria kwa juu ya mabega yao na kubishana na waandishi kana kwamba nao wamepanda. Wako watu mtaani kwetu Bakos hadi leo wanaokiri kwamba walipitiliza vituo vyao kwa sababu Labib alikuwa hajamaliza kumsema waziri fulani au golikipa fulani. Alipostaafu, mkewe Afaf akiwa ameshafariki, aliyahamishia mazungumzo yale kwenye mkahawa wa Mahrus, kwenye meza ya pembeni chini ya televisheni. Huko akampata Sabri Girgis, au tuseme walipatana.

Sabri alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia ng'ambo ya barabara. Yeye alikuwa mtu wa Ahly, na Labib alikuwa mtu wa Zamalek, timu mbili za mpira zilizo mahasimu wa jadi. Kwa Mmisri hayo yanatosha kueleza urafiki wao na ugomvi wao kwa pamoja.

"Huyu kijana anaimba au ameungua na chai?" Labib aliuliza siku moja, akiitazama televisheni.

"Ndio muziki wa sasa, Amu Labib," alisema Mahrus kutoka kwenye jiko la kahawa. "Harusi zote wanapiga huu."

"Basi ndiyo maana talaka zimekuwa nyingi."

"Wewe talaka zinakuhusu nini?" Sabri akamrukia. "Timu yako imeachwa na ushindi tangu enzi za wafalme, na bado unaisubiri barazani kama bibi harusi."

"Sabri, funga domo. Nyinyi mnashinda kwa sababu mwamuzi naye ana watoto wa kulisha."

Ndivyo walivyokuwa. Waliweza kuanza na bei ya mkate, wakapita kwenye vita vya nchi za mbali, wakaingia kwenye tamthilia ya Ramadhani, na wakatokea kwenye penalti ambayo mwamuzi aliinyima Zamalek kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Jambo moja tu halikuguswa. Jina la Hazem halikutajwa kwenye meza ile.

Hazem ni mtoto pekee wa Labib. Alikuwa mwandishi wa habari, kijana mpole, na katika siku zile ambazo vijana waliandamana na kujaa kwenye viwanja vya katikati ya mji wakidai serikali iondoke, naye alikuwamo. Rafiki yake alipoteza jicho mbele yake kwa risasi ya polisi. Labib hakutoka nyumbani siku zile. Alikaa mbele ya televisheni, na televisheni ilisema kwamba vijana wale wamelipwa na kulishwa na wageni. Labib aliyakubali maneno hayo kama alivyozoea kuyakubali yale yaliyosemwa kwa sauti nzuri. Jioni moja Hazem aliingia mkahawani kumchukua baba yake, akamkuta akiyarudia yote mbele ya watu, kwa mbwembwe zake za tramu.

"Wamelipwa, nakwambieni! Kila mmoja na bahasha yake!"

"Baba," Hazem alisema, "mimi bahasha yangu umeiona wapi?"

Labib angeweza kunyamaza. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na yeye hakuwahi kushindwa mbele ya watu. Akasema, "Labda umemficha baba yako ili usigawane naye."

Mkahawa ulicheka. Hazem hakucheka. Baada ya muda, wenzake walipoanza kukamatwa, alikimbilia Ujerumani. Hakumuaga baba yake, na hakumpigia simu. Miaka ikapita. Labib naye hakupiga, akisema kwamba mtoto ndiye humtafuta mzazi. Lakini kila jioni alipofika mkahawani alimtazama kwanza Sabri usoni, kwa sababu Hazem alikuwa akimpenda Sabri tangu utotoni, na kama kungekuwa na habari ingepitia kwake. Sabri alitikisa kichwa, na Labib akafungua gazeti.

Sasa kulikuwa na desturi ya mkahawa huo. Ahly na Zamalek zikicheza, siku ya pili mshindi humwekea mshindwa matanga. Mahrus hupanga viti ukutani, mstari mmoja kama kwenye hema la msiba, na huwasha kanda ya kisomo cha Kurani kwa dakika moja halafu huizima kwa kuogopa dhambi. Mshindwa hukaa kiti cha kwanza, kama mfiwa. Wengine huingia mmoja mmoja, humshika mkono na kumpa pole ya Kimisri, "Yaliyobaki yawe kwenye umri wako," kisha hunywa kahawa chungu isiyo na sukari, ile ya misibani. Na Sabri, kwa kuwa alikuwa na mashine ya kunakili, huandika tangazo la kifo: imefariki Zamalek, mkwe wa mabao mawili, shemeji wa kadi nyekundu. Labib alikuwa mfiwa mara nyingi mno. Aliufanya uso wake kuwa wa huzuni vizuri sana hivi kwamba watu walitoka mitaa mingine kuja kumpa pole.

Msimu ule Zamalek ilifungwa vibaya. Sabri akaja na tangazo jipya. Safari hii, alisema, timu haikufa peke yake. Imeondoka na mpenzi wake. Akasimama na kusoma: "Amefariki kwa uchungu wa mabao Bwana Labib Abu Shanab, aliyekuwa mtumishi wa tramu, mkwe wa ukoo wa Shalqami wa mji wa Damanhur..."

"Ngoja," Labib alisema. Watu walikuwa bado wanacheka. "Tangazo gani hilo lisilo na watoto? Mtaniita tasa?"

Sabri akamtazama. "Niandike?"

"Andika. Baba wa mwandishi Hazem, aliyeko Ujerumani."

Kicheko kikapungua. Sabri alishika kalamu bila kuandika, hadi Labib alipogonga meza. "Andika, we mtu wa Ahly! Au hata kwenye kifo changu mtanipokonya mwanangu?"

Sabri akaandika. Labib akakaa kiti cha kwanza akiwa na tai nyeusi, akapokea pole zake mwenyewe, na Mahrus akalipiga picha tangazo lile na kulitia kwenye ukurasa wa mkahawa wa Fesibuku. Picha ya tangazo tu. Viti na vicheko havikuonekana.

Sisi wa Bakos tungeelewa papo hapo. Lakini picha haikubaki Bakos. Mtu wa ukoo wa marehemu mkewe kule Damanhur aliipeleka kwa mtu wa Kuwait, naye akaandika "Mungu amrehemu" kwa moyo safi, na kutoka kwake ikaenda ilikokwenda.

Simu ya Sabri ililia siku iliyofuata, saa za alasiri, wakiwa mezani. Namba ilikuwa ya nje. Sabri alipokea, na kwa kuwa masikio yake ni mazito, alikuwa ameiweka simu ile kwenye sauti kubwa. Sote tulisikia.

"Amu Sabri? Ni Hazem. Alikufa vipi? Aliumwa?"

Sabri alimgeukia Labib.

"Nimeshapata tiketi," sauti ile ilisema, na ilikuwa ya mtu aliyelia muda mrefu. "Nafika kesho. Wakinikamata uwanja wa ndege, nimemwambia mke wangu nani wa kumpigia. Msimzike kabla... yaani, najua mmeshamzika, nionyesheni tu kaburi. Alisema kitu, Amu? Alinitaja?"

Labib aliinyakua simu. "Hazem! Niko hai, mwanangu! Niko hai! Ulikuwa mzaha wa mpira!"

Tulisikia mtoto mdogo akiongea Kijerumani nyuma yake.

"Mzaha," Hazem alisema.

"Ahly walitufunga, na Sabri..."

"Nimemuaga binti yangu," alisema Hazem polepole. "Nimemwambia baba anaweza kuchelewa kurudi. Na nyinyi mnakunywa kahawa na kucheka. Mlicheka siku ile, na leo pia." Kisha akakata.

Labib aliishika simu hadi kioo kikazima. Alimrudishia Sabri simu, akaenda nyumbani, na gazeti likabaki mezani bila kufunguliwa.

Alipiga mara nyingi, hakupokelewa. Hapo Sabri akamfundisha kutuma ujumbe wa sauti, jinsi ya kubonyeza na kushikilia kidole. "Mwambie samahani," alisema. "Neno moja, halafu uachie."

Labib akabonyeza. "Hazem, mwanangu. Baba yako hapa." Akakohoa. "Leo gazeti linasema treni zitakarabatiwa. Waziri amepigwa picha akishika nyundo. Mwanangu, ile nyundo ameishika upande wa chuma! Mtu kama huyo..." Na akaendelea mpaka chai ikapoa.

"Samahani iko wapi?" Sabri aliuliza.

"Nilikuwa naelekea huko."

Ikawa kazi yake ya kila siku. Alikaa meza ileile, simu mbele ya mdomo kama kipande cha mkate, akimweleza mwanawe dunia nzima: mchezaji mpya wa Zamalek anayekimbia kama anafukuzwa na mke, tamthilia ambayo watu maskini wana mapazia ya kifalme, mtangazaji aliyebadili msimamo wake pamoja na nywele zake. Siku moja alisema kwamba ameacha kuiamini televisheni ile. Sabri alikaa sawa, akidhani sasa samahani inakuja. Lakini Labib aliendelea, "kwa sababu hata matokeo ya mpira wanayakosea," na akacheka peke yake, kicheko kifupi.

"We mzee punda," Sabri alimwambia kwa uchungu. "Neno lenyewe ni dogo kuliko yote unayosema."

"Ndiyo maana linaniponyoka," alisema Labib. "Niache. Nitafika."

Jibu halikuja hata mara moja. Mahrus alimwambia kwamba alama za simu zinaonyesha ujumbe haujasikilizwa. Labib alisema alama ni mambo ya serikali, hazina ukweli, akabonyeza tena.

Alikonda msimu ule wa baridi. Alipanda ngazi za nyumba yake kwa kupumzika njiani. Asubuhi moja hakuja, na Sabri hakumngoja hadi jioni. Alikwenda na Mahrus, wakavunja kitasa. Alikuwa kitandani, amefunikwa vizuri, kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote.

Tangazo la kweli aliliandika Sabri. Mahrus alipolitia kwenye ukurasa wa mkahawa, watu walijaza alama za vicheko. "Mbona Zamalek hata haijacheza?" mmoja aliandika. Sabri alimwandikia Hazem: baba yako amefariki, mwanangu, wallahi si mzaha. Alipiga simu. Haikupokelewa, na ujumbe haukujibiwa.

Kwenye hema la msiba, kiti cha kwanza ni cha mwana wa marehemu. Sabri Girgis alikaa hapo, akiwa na msalaba wake mdogo uliochorwa kwa chale kwenye kifundo cha mkono, kama ilivyo desturi ya Wakristo wa Misri, akapokea mikono ya watu huku msomaji akisoma Kurani. Hakuna aliyeona ajabu. Kila aliyeingia alimwambia, "Yaliyobaki yawe kwenye umri wako," na kila mara alilia upya, kwa sababu maneno yale alikuwa ameyachezea miaka mingi.

Wiki ya msiba haikuwa imekwisha Zamalek ilipocheza. Ilishinda, na vijana walipita barabarani wakipiga honi. Kesho yake simu ya Sabri ililia dukani, nami nilikuwa nimeingia kununua karatasi.

"Amu Sabri," Hazem alisema. "Zamalek imeshinda."

"Imeshinda, mwanangu."

"Nilingoja ujumbe wa baba usiku kucha. Hakuniambia."

Sabri aliweka mkono wake juu ya kaunta.

"Basi ni kweli," Hazem alisema.

"Ni kweli."

Kisha Hazem akasema kwamba alikuwa akizisikiliza jumbe zote za baba yake, jioni, akiosha vyombo. Ile alama aliizima makusudi ili baba yake asijue. Mkewe haelewi Kiarabu, lakini alikuwa akicheka pale mzee anapocheka. "Nilikuwa nangoja aseme neno moja tu, Amu. Nilisema, akilisema leo, nampigia leo. Kila siku ilikuwa hivyo. Alikwambia lolote kuhusu hilo?"

"Alisema atafika," Sabri alijibu. "Kila siku alisema anaelekea huko."

"Angefika?"

Sabri alikuwa na uwezo wa kusema ndiyo, na nadhani mtu mwingine yeyote angesema. Lakini alikuwa ameshachoshwa na maneno yasiyo ya kweli juu ya Labib.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Huko hakufika hata mbele yangu."