Karatasi ya Breki Kwenye Bunda Lisilo Lake

Pale mahakamani wote walimwita Kompyuta. Kompyuta yenyewe, ile ya serikali, ilikuwa imefunikwa kitambaa kwenye kona ya masjala tangu ilipoungua kwa radi, na juu yake palikaa kopo la kalamu. Kwa hiyo mtu akitaka kujua gari fulani liliandikiwa kosa gani la barabarani na lini, alimuuliza karani huyu, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na moja. Naye alifumba macho kidogo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu.

Wilaya ile ya mashamba ilikuwa na barabara moja tu ya lami, lakini askari wa trafiki waliandika makosa kama wanaolipwa kwa maneno. Kila kosa lilikuwa na nakala tatu: nyeupe ya dereva, ya njano ya kituo cha polisi, na ya waridi ya mahakama. Zile za waridi ndizo zilizokuwa zake. Alizipanga kwa namba za magari, akazifunga mabunda kwa kamba ya katani, akaziandika kwenye rejesta kubwa iliyokwisha kuachia kurasa.

Kingine cha kujua juu yake ni kwamba alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, na simu ya namba asiyoijua aliiacha iite mpaka ichoke. Miaka kumi na tisa ya kazi, hakuwahi kubishana na mtu.

Jumatatu moja asubuhi akaja dirishani mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Ni fundi cherehani, na alivyotoka kwake hakukumbuka hata kuivua.

"Samahani dada, ndiyo wewe Kompyuta?"

"Ndiyo mimi. Karibu."

"Mume wangu ni dereva wa lile lori la mbao."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Wiki mbili nyuma lori la mbao lilikatika breki kwenye mteremko wa kinu, likawagonga watu wawili waliokuwa wakingoja usafiri. Wote wawili walifariki. Dereva alikuwa rumande.

"Bosi wake anasema alikuwa amelewa, eti breki zilikuwa nzima," fundi alisema. "Dada, mume wangu hanywi hata soda. Siku tisa kabla ya ajali trafiki walimkamata kwa breki hizo hizo, lori wakaliweka kituoni. Bosi mwenyewe akaja, akatia sahihi kwamba atazitengeneza, akalichukua. Karatasi nyeupe anayo huyo bosi. Kituoni wanasema kitabu chao kimepotea. Na kesi ni Alhamisi."

Karani akafungua rejesta, akapitisha kidole juu chini, mara mbili. Namba ya lori haikuwepo.

"Nitaangalia kwenye mabunda," alisema. "Ila siwezi kukuahidi kitu, dada."

Fundi hajafika getini, mkuu wa masjala alikwisha simama nyuma ya kiti. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye mfukoni hakukosa peremende.

"Yule anatafuta nini?"

"Karatasi ya lori la mbao, mkuu."

"Haipo. Nimeitafuta mwenyewe. Mtu akikuuliza, haipo. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mkuu."

Akampa peremende. Karani akaishika tu mkononi. Tangu amjue, mkuu hakuwahi kutafuta karatasi yoyote. Hata miwani yake alitafutiwa.

Saa za kufunga ofisi, pikapu nyeupe ikasimama mbele ya dirisha. Mwenye malori, bosi wa yule dereva, akashuka, akaegemeza viwiko dirishani kama jirani aliyepita kusalimia.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri, mzee."

"Nasikia una kichwa cha ajabu. Hongera. Kichwa kama hicho kitunzwe." Akatabasamu. "Binti yako yuko darasa la sita, siyo? Shule ile ya juu. Nampita asubuhi, anatembea kando ya barabara na begi lake la bluu. Mwambie awe mwangalifu. Madereva wa siku hizi hawana adabu kabisa."

Akaaga kwa heshima zote. Karani alibaki ameshika funguo, akangoja pikapu ipotee ndipo akafunga mlango. Mara tatu ufunguo ulikosa tundu.

Nyumbani alimweleza mumewe, seremala, aliyekuwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama watoto, mimi sikwambii fanya wala usifanye," alisema. "Ila kuanzia kesho mtoto nampeleka shule mimi, na kumrudisha ni mimi."

Jumanne karani aliamua kutotafuta. Alifanya kazi ameinama, gari likipita nje moyo unaruka. Alikuwa akiosha vyombo jioni pale kichwa chake, bila kuombwa, kilipomletea mwandiko wa askari mmoja wa trafiki. Saba ya askari yule haikuwa na kofia. Ilisimama wima kama moja. Namba ya lori ilikuwa na tarakimu mbili za saba. Sahani ikamponyoka. Hakutaka kujua, na tayari alikuwa anajua.

Jumatano mchana mkuu alipokwenda kula, karani akatoa bunda la namba kama ile ile, ila penye saba pana moja, la trekta la shamba la chai. Ya nne kutoka juu ilikuwa pale. *Lori la mbao. Breki mbovu.* Chini yake, sahihi ya mwenye malori, ndefu na yenye mikia, na tarehe. Na kwenye rejesta aliyeiandika vibaya alikuwa yeye mwenyewe. Kosa lake ndilo lililoificha karatasi isionekane na mkuu.

Mlango ukalia. Akaifunika kwa kiganja.

"Huli leo?" Mkuu alikuwa amesahau mwavuli.

"Tumbo, mkuu."

"Pole. Nenda basi kapumzike." Akasimama kidogo, macho kwenye bunda, halafu kwenye uso wake. "Hilo ni la nini?"

"La trekta. Wanataka nakala."

Mkuu akachukua mwavuli, akaondoka taratibu mno.

Alijua akimpa fundi mkononi, ataitwa mwizi. Akiirudisha kwenye bunda, kesho haitakuwepo. Kwa hiyo akafanya kazi yake kama inavyotakiwa: akasahihisha namba kwenye rejesta kwa wino mwekundu, akatia sahihi pembeni, akagonga mhuri, akaiandika karatasi kwenye kitabu cha kukabidhi nyaraka. Kisha akavuka uwanja kwenda kwa hakimu. Hakimu alikuwa mgeni pale, mtu wa kikohozi na maneno machache. Huenda naye alikuwa mtu wa mwenye malori. Hakuna aliyejua.

Hakimu aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma tena.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi tu, mheshimiwa."

Saa ya ukutani ikagonga sekunde zake. Karani akamuwaza binti yake, akajuta mambo yote aliyowahi kukumbuka maishani.

"Lete kitabu," alisema hakimu, akatia sahihi ya kupokea. Akafungua kabati la chuma, akaiweka, akalifunga, akachomoa ufunguo. "Sasa haiko kwako tena, iko kwangu. Leo usirudi masjala. Na nyumbani pita njia usiyoizoea."

Alipita katikati ya mashamba ya mahindi, akigeuka kila majani yanapocheza.

Alhamisi karatasi ilisomwa mbele ya watu. Dereva akapewa dhamana siku ile ile, na baada ya mwezi mashtaka yake yakafutwa, akashtakiwa mwenye malori. Mkuu wa masjala akasimamishwa kazi. Peremende zake zilikutwa kwenye droo zimeyeyuka.

Karani naye akapata barua: anaitwa kutoa ushahidi. Wiki nzima hakulala vizuri. Asubuhi ya siku yenyewe alitapika mara mbili, akapiga pasi gauni lake, akalivaa. Wakili wa mwenye malori akamzunguka kwa maneno.

"Wewe mwenyewe uliiandika vibaya. Tukuamini vipi?"

"Niliandika vibaya," alijibu. "Ndiyo maana nimekuja kusema nilivyoandika."

Mwenye malori alifungwa miaka minne. Watu walimpongeza karani kwa ushujaa wake, naye akawa anawaitikia tu, akitazama barabarani. Mwaka uliofuata aliomba ahamishiwe masjala ya mirathi, wakamkubalia. Huko nako hakuna siku aliyokaa ameupa mlango mgongo.