Mhadhiri aliyesimamishwa kwa kauli ya ziwa sasa aziba pancha Njisi

Saa moja asubuhi, Njisi, karibu na mpaka wa Malawi. Dk Zebedayo Mwakasungula amechuchumaa mbele ya beseni la maji, anazungusha tyubu ya baiskeli polepole akitafuta mapovu. Yanatokea karibu na valvu.

"Hapa," anasema, anaikausha kwa shati kuukuu na kuchukua kipande cha msasa. "Pancha ya mwiba. Hizi ndizo zinazonilisha."

Mwaka jana saa kama hizi alikuwa akijiandaa kuingia darasani. Mwakasungula (46) ni mhadhiri wa sheria za kimataifa katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Au alikuwa, hilo litaamuliwa mwezi ujao.

Alisimamishwa kazi miezi saba iliyopita, akarudi kwenye kibanda alichoachiwa na marehemu baba yake, fundi baiskeli, kando ya barabara iendayo mpakani. Nusu mshahara anayoipata inaishia kwenye kodi ya nyumba na ada za watoto wawili waliobaki Dar es Salaam na mama yao, Felista. Yeye anaishi kwa pancha: Sh15,000 siku ya gulio, Sh3,000 siku ya mvua.

Kosa lake ni sentensi chache. Katika mdahalo wa wanafunzi kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa, ambao Tanzania inasema unapita katikati ya maji na Malawi inasema uko ufukweni upande wetu, alisimama na kusema Malawi ina hoja nzito. Mwanafunzi mmoja alirekodi, na kufikia jioni video ilikuwa imezagaa.

"Watu wanangoja niseme video ilikatwakatwa," anasema. "Haikukatwa. Nilisema, na ndivyo ninavyoona. Karatasi za wakoloni zinawapa wenzetu nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Sasa nifanyeje, nisizisome?"

Video ilifika Njisi kabla yake. Siku za kwanza watu walipita kibandani wakitazama pembeni, na wapo waliomwita msaliti. Aliyemwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni Keziya Samsoni, maarufu Mama Kisa, anayesafirisha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa baiskeli kutoka Katumba Songwe.

Ana sababu. Nyavu za kaka yake, Eliya, zilichukuliwa ziwani na watu waliodai amevuka mpaka. Hazijarudi mpaka leo.

"Nilimwambia mbele ya watu: baba yako amekufa anakula usipa wa ziwa hili, wewe unaligawa?" anasimulia Keziya, na bado amekasirika. "Nikahamia kwa fundi mwingine. Huyo naye akanikazia spoku, gurudumu likawa linacheza ngoma. Nikarudi. Nilirudi kwa ajili ya baiskeli yangu, sikumrudia yeye."

Tangu hapo hakuna gulio linalopita bila wawili hao kubishana. Baiskeli inapinduliwa magurudumu juu, na Dokta anaanza na mikataba ya Waingereza na Wajerumani. Keziya anamuuliza kama Wajerumani hao waliwahi kuvua hata usipa mmoja. Wateja wengine wanasahau walichokuja kufanya.

"Hapa kila mtu ana ndugu ng'ambo," anasema Asifiwe, mfanyabiashara wa mchele ambaye shangazi yake anaishi Karonga. "Hawa wawili wanatupiana maneno mpaka unaogopa. Halafu mama anasema ndaga fijo, asante sana ya huku kwetu, anapanda baiskeli yake, anakwenda."

Chuo kimempa Mwakasungula njia ya mkato: aifute kauli yake hadharani, aombe radhi, arudi kazini. Akikataa, kamati ya nidhamu itamsikiliza na huenda ikamfukuza.

Kila jioni Felista anampigia simu. "Ananiambia, 'Baba, sema huo mstari mmoja urudi nyumbani, watoto wanakuuliza,'" anasema Mwakasungula, na kwa mara ya kwanza mikono yake inatulia. "Hakosei. Mimi mwenyewe nawakumbuka mpaka nashindwa kula. Lakini anionyeshe mtu nilipokosea, nitaifuta kauli leo hii. Pale chuoni hakuna aliyenionyesha. Wameniambia nifute tu."

Juzi alimjibu mkewe kwamba hataifuta. Felista akauliza atafika lini kwa kikao cha kamati, ili amwandalie chumba mgeni atakayekuja naye.

Mgeni huyo ni Keziya. Kamati imemruhusu mhadhiri aje na shahidi mmoja, naye, kati ya wasomi wote anaowajua, amemchagua muuza usipa aliyemwita msaliti. Anatarajia akirejea darasani atamleta tena, abishane naye mbele ya wanafunzi.

Keziya hajawahi kufika Dar es Salaam. Ameshapata mtu wa kumshikia biashara, na alichopanga kusema hakifichi.

"Nitawaambia amekosea. Ziwa ni letu mpaka katikati, na siku Eliya akirudishiwa nyavu zake tutazungumza mengine," anasema, akibonyeza tairi kwa kidole gumba kuona kama limejaa. "Halafu na mimi nitawauliza swali. Mimi niliyeumia nimembishia kwa mdomo wangu huu, miezi yote hii. Ninyi mlishindwa nini kumbishia?"