Mgongaji wa Nguzo

Siku hizi, kwenye kibanda cha nguzo za uzio pale sokoni Nyawera, hakusikiki tena ko-ko-ko. Muuzaji alizoea kugonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole, kutega sikio, kisha kucheka: "Maman, hii itatuzika sisi wote!" Hata zile mbichi, alizojua fika kwamba mchwa watazila, alizigonga vilevile. Ndipo siku moja Maman Colombe, mkulima wa Katana, akamtupia miguuni nguzo iliyooza aliyomuuzia. "Gonga tena, Papa. Ngombe ziliingia, zikamaliza maharagi yote. Sasa batoto batakula kicheko yako?" Muuzaji akauficha mkono mfukoni, asijue pa kuyaweka macho. Leo yuko Katana, kwenye shamba la Maman Colombe, anamjengea uzio upya: anachoma tako, ile ncha ya chini, la kila nguzo kavu ili mchwa wasiile, kabla ya kuisimika.