Diski Mbili Zinazofanana

Watu walimwita Tochi kwa sababu alifungua kompyuta huku amejifunga taa kwenye paji la uso kama mchimba migodi. Kibanda chake kilibanwa katikati ya kinyozi na mshona viatu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Kwa hiyo kompyuta ya mjomba wake ilipoanza kuwaka kwa kujikongoja, mzee hakuhangaika kutafuta fundi mwingine. Alinunua diski mpya, kisha akamtumia mpwa wake ujumbe: "Njoo. Mgonjwa yuko tayari kwa upasuaji."

Alituma ujumbe kwa kuwa hakuwa na sauti ya kupigia simu. Zamani mjomba alikuwa mtangazaji wa uwanja wa mpira, na bao likifungwa, jina la mfungaji lilisikika hadi sokoni. Kisha koo likaota uvimbe, madaktari wakaukata, na sauti ikaondoka nao. Tangu hapo alisema kwa mikono, au kwa kugonga meza: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Lakini matangazo yake yote aliyahifadhi kwenye kompyuta ile, na mkewe huyafungulia akiwa jikoni. "Nyumba isije ikazizima," husema.

Tochi alikuta meza imeshasafishwa.

"Mjomba, sauti zako zina nakala mahali pengine?"

Mzee aligonga mara mbili.

Alijaribu kuzinakili kwanza, lakini kila alipogusa folda ya sauti hizo, mashine iliganda kama imepigwa na butwaa. Akaona bora aweke mfumo wa kuendeshea kompyuta kwenye diski mpya kwanza, ya zamani ikiwa bado ndani, halafu azihamishe sauti taratibu. Diski zote mbili zilikuwa za ukubwa mmoja. Kwenye skrini, ile ya zamani ilijitokeza kama namba sifuri, mpya kama namba moja. Akachagua namba moja, akaigawa mafungu, mfumo ukaanza kunakiliwa. Ulipovuka nusu ya safari, ukakwama.

"Ameanza kudeka," Tochi akasema, na mjomba akatabasamu.

Akawasha tena, ukakwama palepale. Tochi akafungua ubavu wa kompyuta, akashuku waya. Akachomoa nyaya zote mbili, akapuliza vumbi, akabadilisha ule wa diski mpya, akazichomeka upya. Safari hii skrini ilionyesha diski mbili, zote zimegawanywa. Hakushtuka, maana ile mpya aliigawa mwenyewe. Akafuta kila kilichokuwamo kwenye namba moja, akaanza upya, na mara hii mambo yakaenda kama maji mtelemkoni. Mfumo ukamaliza, mashine ikawaka upesi hata mjomba akapiga makofi.

"Mkaza mjomba, njoo uone!" Tochi aliita. "Kijana huyu sasa anakimbia!"

Mama wa nyumba alikuja akifuta mikono kwenye kanga. "Hongera, mwanangu. Niwekee basi ile ya fainali."

Tochi akafungua diski ya pili. Ndani hamkuwa na sauti hata moja. Kulikuwa na vipande vya mfumo ulioishia njiani, ule uliokwama asubuhi.

Akaifunga, akaifungua tena. Alipozichomeka nyaya upya alizibadilishia matundu, na namba nazo zikabadilishana. Namba moja aliyoifuta kwa mkono wake ilikuwa diski ya zamani.

"Mbona kimya?" mkaza mjomba akauliza.

Tochi alinyoosha mkono akang'oa waya wa umeme ukutani. Skrini ikazimika. Wote wawili walimtazama kama mtu aliyepandwa na wazimu.

"Msiiwashe," alisema. "Mtu yeyote asiiwashe. Mjomba... nimefuta. Nimefuta ya kwako."

Mzee hakugonga meza. Alimtazama tu, mdomo wazi, kama anayetaka kutangaza jambo akasahau kwamba hawezi. Kisha akainuka, akatoka nje bila viatu. Mkewe akakaa kwenye kiti alichokiacha.

"Zote?" akauliza.

"Sijui. Kufuta ni kama kung'oa vibao vya milangoni. Huenda vitu bado vimo vyumbani. Ila huu mfumo nao umeshaingiza mizigo yake humo, na palipokaa mzigo hapana tena kilichokuwapo."

Aliibeba ile diski kifuani kama kifaranga hadi kibandani, akaiunganisha na mashine nyingine kwa kusomwa tu, isiandikwe chochote. Programu ya kufukua mafaili ikaanza kuchimba. Kinyozi alikuja kumtania, akauona uso wake, akarudi kimyakimya kwenye mikasi yake. Siku iliyofuata Tochi alikuwa na rundo la mafaili yasiyo na majina, akawa anayasikiliza moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa mkwaruzo mtupu. Rekodi ya fainali ilikatika mjomba akivuta pumzi kutangaza bao.

Mengine hakuyatambua. Yalikuwa yale ambayo mjomba mwenyewe aliyafuta zamani, siku alizojirekodi nyumbani akifanya mazoezi, akasahau kuzima kinasa sauti.

Aliwapelekea yote, hakuficha kitu. Mjomba alisikiliza fainali ilipokatika, akafumba macho. Tochi akafungua jingine haraka, na sauti nene ya mjomba ikajaa sebuleni:

"Mke wangu, huu mchuzi umeutia chumvi au umeutishia tu?"

Sauti ya mwanamke ikamjibu: "Ulimi wako umechoka kupiga kelele uwanjani! Kama hutaki, chungu kile pale, na moto ule pale!"

Mkaza mjomba alishika kifua. "Ee! Huyo ni mimi? Nilikuwa na sauti kali hivyo?"

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Moyo wa Tochi ukapasuka. Ndiyo basi, nimemuua mjomba wangu, akawaza. Akapiga magoti kando ya kiti.

"Mjomba, nisamehe. Nisamehe, tafadhali."

Mzee akainua uso. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini meno yote yalikuwa nje. Alikuwa akicheka, kicheko kisicho na sauti, na kwa kidole alimwonyesha mkewe, kisha jikoni, kisha mkewe tena.

"Unasemaje wewe?" mkewe akafoka. "Hata leo sikutia chumvi? Tochi, rudisha nyuma nisikie tena alivyonitukana."