Siku Niliyoonja Tembo na Wazungu

Jumapili iliyopita niliwatembeza wazungu waliotaka kuonja tembo la mnazi kwa wagema, kutoka Msambweni hadi Diani. Nilikuwa mkalimani wao. Walionja, wakasifu, kisha wakatema mchangani, eti ndivyo waonjavyo kwao. Mimi niliona ni israfu, nikawa nameza.

Chakula cha mchana kiliandaliwa ufuoni. Aliyekuwa akikaanga samaki ni baba mkwe wangu, mwadhini wa msikiti wetu. Nilimwamkia shikamoo huku nimeegemea gari nisianguke.

"Marahaba. Nawe umeonja?"

"Hasha, baba. Kazi yangu ni kutafsiri tu."

Mke wa mmoja wa wale wazungu, aliyekuwa akijifunza Kiswahili, alitaka kunisifu.

"Kijana huyu hodari sana, mzee," alisema. "Sisi sote tulitema. Yeye peke yake alimeza."