Lengalenga katika chumba cha mama

Watu wanaoanza kujenga huniuliza mpango gani wa nyumba ni mzuri. Mimi huwaambia waweke kalamu chini kidogo, wajiulize kwanza: chumba kipi kitalalwa kabla ya vingine? Swali hilo niliwahi kuliuliza mapema, nyumbani kwetu. Halikunisaidia.

Mama yangu alipanga chumba karibu na mto, hapa Kisangani, na kila msimu wa mvua maji yaliingia hadi chini ya kitanda. Magoti yake yalikuwa yanavimba. Mume wangu na mimi tulipopata kiwanja, tulikubaliana kwamba mama atakuja kuishi nasi. Juu ya hilo hatukugombana kamwe. Tuligombana juu ya paa.

Mimi nilichora nyumba ndefu yenye paa la pande mbili. Paa la namna hiyo hurefuka pamoja na nyumba: unajenga vyumba viwili, unaezeka, mtu analala, na kwenye ukuta wa mwisho unaacha matofali yametokeza kama meno, ili baadaye uunganishe. Mume wangu alitaka paa la pande nne, sebule katikati, baraza likizunguka kona. Kwenye karatasi lilipendeza, sikatai. Lakini paa la pande nne linashikana kila kona, huwezi kuezeka nusu yake. Lazima kuta zote zifike juu pamoja, na mbao na tole, yaani mabati, zote ziwe tayari.

"Hii yako ni dépôt," aliniambia, yaani ghala. "Inakosa tu mifuko ya mchele. Unataka mama bokilo, mukwe yangu, alale mu dépôt?"

"Dépôt iko na tole, papa. Mvua haiingie," nilimjibu.

"Bon. Mutu anajenga mara moja tu."

Mama alikuwa amekaa papo hapo, akicheka. "Jenga tu vile unapenda, papa," alimwambia mkwewe. "Mi nitangoja."

Tukafuata mpango wake. Kuta zilipanda hadi juu ya milango, pesa zikaisha, zikasimama hapo. Mvua ililainisha udongo kati ya matofali; tukawa tunabomoa mistari ya juu na kuijenga tena. Ndani kukaota majani. Mama alipoona hivyo alikuja na jembe, akalima chumba chake mwenyewe, akapanda lengalenga, mchicha wetu wa huku. Tulikula mboga ya pale.

"Mama, chumba kimezaa?" jirani alimtania.

"Changu kimezaa. Sebule ya mukwe yangu njo haiyazaa."

Kisha msimu mmoja mto ukamchukulia godoro. Hakutulaumu. Alienda kukaa kwa ndugu yake, mbali kule Ubundu.

Paa lilikuja kukamilika, na kweli wapita njia husimama kulitazama. Nilimwita mama aje kukaa nasi. Alipapasa ukuta wa chumba chake, akatazama dari, halafu akatazama chini, kwenye simenti.

"Udongo wa hapa mulipeleka wapi? Ulikuwa muzuri."

Alilala kwetu usiku huo. Asubuhi mfuko wake ulikuwa bado umefungwa, uko mlangoni.

"Nyumba iko muzuri sana, papa," alimwambia mume wangu. "Sasa nirudi. Ndugu yangu ananingoja."

Alisema taratibu, bila hasira. Mume wangu akatoka kumtafutia pikipiki.